Kipa Mfupi Anadaka Tofauti, Hadaki Vibaya

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna jambo linanikereketa toka msimu uliopita. Kama hukubaliani nami, sehemu ya maoni iko hapo chini, njoo tubishane kwa heshima.

Kwanza nijitaje. Utotoni mimi nilikuwa bonge. Waliokulia Nyahanga, au mtaa wowote wa Kahama, wanajua bonge kwenye chandimu anapangiwa namba gani. Mkigawana timu, wajanja wanakimbilia mbele, mwenye mpira wake anachagua anachotaka, halafu wote wanakugeukia: "We kaa goli." Hakuna aliyeniuliza kama najua kudaka. Hoja ilikuwa moja tu, kwamba najaza goli. Na kweli nilikuwa nalijaza. Goli lenyewe matofali mawili, katikati hatua tatu. Mpira ukija unanigonga tumboni, watu wanashangilia, mimi najiona mwamba.

Nilipofika darasa la sita nikapelekwa uwanja mkubwa. Nikasimama katikati ya zile nguzo, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikajiona kama ndoo iliyosahaulika uwanjani. Siku hiyo nilikula saba. Kuanzia hapo nikahamia kazi ya kukaa pembeni na kusema, ndiyo hii mnayoisoma.

Nimeanza na hiyo stori kwa sababu kuna watu wazima, wenye filimbi shingoni, bado wanachagua makipa kama tulivyokuwa tunachagua kwenye chandimu. Wanaangalia nani anajaza goli.

Msimu uliopita nilikwenda kushuhudia majaribio ya timu moja ya madaraja ya chini. Jina nalifunika. Walikuja makipa wawili kutoka mtaani kwetu. Majina yao nayo nayafunika, ila wa Nyahanga mtawajua, mnapishana nao kijiweni kila siku. Mmoja tumwite Mrefu, mita 1.91. Mwingine tumwite Mfupi, mita 1.70, na hiyo ni baada ya kunyoosha shingo. Vipimo nina uhakika navyo, maana walipimwa palepale kwa futi ya fundi cherehani iliyoazimwa dukani ng'ambo ya barabara.

Mfupi alisogea kwa adabu zote.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Namba ngapi wewe?"

"Kipa, mwalimu."

"Kipa?" Mwalimu akamshusha na kumpandisha kwa macho. "Dogo, ungesema winga ningekuelewa."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, sitawaficha. Mfupi alicheka pia, kile kicheko cha mtu ambaye hana pa kuficha uso.

Kwenye mechi ya majaribio Mrefu alidaka karibu muda wote. Akafungwa mawili, yote ya chini, moja likapita katikati ya miguu. Mwalimu akasema, "Bahati mbaya, uwanja mbovu." Mfupi akapewa dakika kumi za mwisho. Alitoka mara mbili kwenye miguu ya mastraika akaokoa. Halafu mkwaju mmoja wa mbali ukaingia juu karibu na mtambaa panya. Mwalimu hata hakusubiri mpira urudi kati. "Si mmeona? Ufupi."

Hapo ndipo pananikereketa. Mrefu akifungwa chini, kosa ni la uwanja. Mfupi akifungwa juu, kosa ni la mama yake aliyemzaa. Makosa ni ya aina moja, kila mmoja kafungwa pale mwili wake unapopata tabu kufika. Ila mmoja anahesabiwa bahati mbaya, mwingine anahesabiwa kasoro ya maisha.

Sasa tuongee mpira kwa namba. Goli la mpira wa miguu lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Zidisha, unapata karibu mita za mraba 18. Kipa wa mita 1.90 akinyoosha mikono juu, vidole vinakaribia kuugusa mtambaa panya bila hata kuruka. Wa mita 1.70 lazima aruke. Hiyo ni faida ya kweli, sitaki kudanganya watu hapa. Ila geuza macho upande wa upana. Mrefu wetu na Mfupi wetu, wote wakisimama katikati, kulia na kushoto kwao kuna uwazi wa kuingiza bodaboda na abiria wake. Hakuna binadamu anayelijaza goli hilo. Hayupo. Kwa hiyo swali la kumuuliza kipa wa uwanja mkubwa ni anafikaje kwenye mpira, kujaza hatajaza.

Na kama unataka kuona mchezo ambao mwili kweli unajaza goli, nenda kwenye hoki ya barafu. Najua barafu tunayoijua Nyahanga ni ile ya kunyonya kwenye kimfuko, ila mchezo huo upo hata hapa jirani. Nairobi kuna timu inaitwa Kenya Ice Lions, walianzia kwenye kiwanja cha barafu cha hoteli ya Panari. Goli la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Ukilipigia hesabu, goli letu linayameza magoli ya hoki nane. Halafu kipa wao anavaa mapedi makubwa miguuni na glovu kama karai. Yaani ni chandimu ya matofali mawili, na bonge kavalishwa godoro.

Huko sasa ndiko mwili unapoamua staili. Kipa mrefu wa hoki anapiga magoti, anatanua miguu kama mbawa za kipepeo, chini panafungwa, na mabega yake bado yanaziba juu. Anaweza kukaa nyuma karibu na mstari, akauacha mchezo umfuate. Kipa mfupi akipiga magoti vilevile, kona za juu zinabaki wazi. Kwa hiyo anacheza kivingine. Anasogea mbele ya goli kumfuata mpigaji ili kufunga engo, anateleza haraka zaidi, anasoma pasi kabla haijatoka, na haendi chini mapema.

Ungetegemea huko wafupi wamekwisha kabisa, si ndiyo? Timu ya Nashville Predators ya Marekani ilikuwa na kipa Mfini, Pekka Rinne, wa mita 1.96, mtu wa kutisha. Alipostaafu mwaka 2021, aliyebaki na goli ni Mfini mwenzake, Juuse Saros, wa mita 1.80. Sentimita 16 zimepungua golini na timu haikufunga milango. Kama kwenye mchezo ambao goli linajazika bado mfupi ana nafasi, sisi wenye goli la kuingiza bodaboda tunambagua kwa msingi gani?

Turudi nyumbani. Juma Kaseja hajawahi kuwa mrefu, na hilo halihitaji futi, kila aliyemuona uwanjani anajua. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo kuikabili Zamalek, na Zamalek ndio walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Mechi mbili zikaisha sare kwa jumla ya mabao, wakaenda kwenye penalti, Simba ikawavua ubingwa kwao. Golini alikuwa Kaseja. Miaka 16 baadaye, Septemba 2019, Taifa Stars na Burundi wakafika kwenye penalti pale Dar wakitafuta kusonga kwenye mchujo wa Kombe la Dunia. Golini Kaseja tena. Stars ilishinda 3-0 kwa penalti. Burundi hawakupata hata moja.

Na penalti, kwa kipa mfupi, ni eneo gumu kuliko yote. Silaha yake kubwa ni kutoka golini na kumpunguzia mpigaji engo. Kwenye penalti silaha hiyo inanyang'anywa, sheria inamtaka awe na angalau mguu mmoja kwenye mstari, au usawa wake, mpira unapopigwa. Anabaki na nini? Macho, uvumilivu wa kutochumpa mapema, na spidi ya miguu. Kaseja alikuwa navyo vyote vitatu, na kichwa kisichotetemeka juu yake.

Mtazame na Djigui Diarra wa Yanga, yule mnayemwita Screen Protector. Si mrefu wa kupitiliza kwa makipa wa siku hizi. Toka atue Jangwani mwaka 2021 amekuwa akidaka kama beki wa tano. Anatoka nje ya kumi na nane, anakata mpira kabla straika hajaufikia, na kwa mguu anapiga pasi ambazo viungo wengine hawana. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika naye akiwa golini. Mpira ambao hujaruhusu upigwe hauulizi urefu wako.

Dunia nzima ni hivyohivyo. Jorge Campos wa Mexico alikuwa na mita 1.68 hivi, mfupi kuliko Mfupi wetu, na alidaka Kombe la Dunia la 1994 na la 1998. Alikuwa anaishi nje ya goli, na akiamua anacheza hata ushambuliaji. Iker Casillas hakufika mita 1.90, na fainali ya 2010 pale Johannesburg, Robben akiwa amebaki naye peke yao, aliokoa kwa ncha ya mguu. Alitoka, akaacha mguu. Uhispania ikatwaa kombe. Upande wa pili yupo Thibaut Courtois, karibu mita mbili kamili, ambaye mikono yake inafika kwenye kona ambazo wengine wanazisindikiza kwa macho tu. Hakuna anayemuuliza Courtois kwa nini hadaki kama Campos. Ni miili miwili na kazi mbili.

Sasa nisije nikaonekana mtetezi kipofu. Kuna mahali ufupi unauma, na asiyesema ukweli anamdanganya dogo. Kona zikipigwa juu ya kichwa cha kipa mfupi, na timu pinzani ina mabeki wa mita 1.90, kipa huyo yuko kwenye shida. Krosi za nguzo ya mbali, shida. Ndiyo maana ligi kubwa za Ulaya zimejaa wababe. Kipa mfupi hana ruhusa ya kuwa wa kawaida. Mrefu akisimama vibaya, mkono unamuokoa. Mfupi akisimama vibaya, kaisha. Kwa hiyo lazima awe sahihi mara nyingi zaidi, na lazima mabeki wake wajue kwamba ule mpira wa juu wa nguzo ya pili ni wao.

Ila nani anawafundisha hivyo? Vijana wetu wanajifunzia kwenye simu. Mfupi mwenyewe nilimkuta siku moja anaangalia video za kipa mmoja mrefu wa Ulaya, anarudia mara ishirini jinsi anavyosubiri kwenye mstari. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo ni suruali ya mtu mwingine, utaikunja mpaka lini? Na kweli lile goli la mkwaju wa mbali siku ya majaribio, alikuwa kasimama vibaya, mguu uliosharuka kabla ya mpira kupigwa. Urefu haukuwa tatizo pale, hatua zake ndizo zilikuwa tatizo. Hatua zinafundishika. Sentimita hazifundishiki.

Na Mrefu naye msidhani kapendelewa. Huyu namhurumia kwa namna yake. Toka akiwa na miaka 14 kila mtu anamwambia "we mwili unao", basi hakuna aliyehangaika kumfundisha kushuka chini. Mtu wa mita 1.91 ana safari ndefu mpaka ardhini, magoti lazima yazoeshwe kila siku. Nanyi mnazijua nyanja zetu kiangazi. Ardhi ngumu kama sakafu, mpira unadunda pale usipotegemea, changarawe kila mahali. Mipira ya chini ndiyo inayoua huku. Amesajiliwa, anadaka, na kila wiki anakula goli la aina moja. Siku ikifika watamtema kwa kusema hana kipaji, kumbe walimchukua kwa sababu ya mwili wakasahau kumfundisha autumie.

Mtasema, si ni mpira tu, kwa nini unakaza mishipa? Ngoja niwaambie. Ukanda wetu huu nafasi zenyewe ni za kuhesabu. Stand United ilishuka Ligi Kuu 2019. Mwadui ikashuka 2021. Geita Gold ilipanda 2021 ikatufanya tutembee kifua mbele, msimu wake wa kwanza tu George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, halafu 2024 nayo ikashuka. Kijana wa Nyahanga anayetaka kuonekana hana majaribio kumi ya kuchagua kwa mwaka. Ana moja, labda mawili, na nauli yake ya kwenda kuuza sura mama kaikopa kwenye kikoba. Ukimkataa kwa futi ya fundi cherehani ndani ya sekunde tano, umemkataa kwa mwaka mzima.

Mfupi hakusubiri huo mwaka. Amekwenda machimboni, upande wa Nyarugusu. Alinipigia simu wiki chache zilizopita, mtandao unakatakata.

"Vipi huko mdogo wangu?"

"Salama kaka. Huku nimepata umaarufu."

"Umaarufu gani?"

"Duara likiwa jembamba wananiita mimi. Wanasema mwili wangu unapita vizuri. Kaka, huku ufupi wangu ni sifa."

Akacheka. Kile kicheko chake kilekile cha siku ya majaribio. Mimi safari hii sikucheka.

Magazeti ya michezo yanapenda kumwita kipa "nyanda". Kwa Kisukuma nyanda ni kijana wa kiume. Huwa nalifikiria hilo neno nikiona tunavyowapanga hawa vijana kama mbao za kuezekea, ndefu huku, fupi kule.

Kwa hiyo walimu wetu, wa mtaani, wa shule na wa madaraja yote, shikamooni, naomba vitu vitatu tu.

Cha kwanza, futi iwe ya mwisho. Mpe dogo mpira, muone anasimama wapi, anatoka lini, anaongea vipi na mabeki. Ukishaona, pima unachotaka.

Cha pili, hesabu magoli kwa haki. Chukua daftari, andika kila goli limeingia wapi na kipa alikuwa wapi. La juu na la chini yote ni goli. Ukimpa mmoja bahati mbaya na mwingine kasoro, wewe umeshachagua kabla ya filimbi.

Cha tatu, fundisha mwili uliopo. Mrefu afanyishwe mazoezi ya kushuka na kuinuka mpaka achukie ardhi. Mfupi afundishwe hatua za kusogea mbele, muda wa kutoka, kuruka kwa mguu mmoja kwenye krosi, na kucheza kwa miguu kama kiungo. Na kwa dada zetu hili lina uzito mara mbili, maana goli lao ni lilelile la 7.32 kwa 2.44, hakuna aliyewapunguzia hata sentimita. Ukisubiri kipa wa kike wa mita 1.91 Kahama, utasubiri na wajukuu.

Nanyi makipa wafupi, acheni kujionea huruma. Tafuteni video za watu wenye miili yenu. Ukiwa mfupi na unabaki kwenye mstari, hapo sitakutetea hata kidogo.

Jumapili iliyopita nilipita kwa mama yake Mfupi kumsalimia. Nikaona glovu zake zimening'inia ukutani juu ya kabati, zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki zisiingie vumbi. Nikamwambia, "Mama, kuna dogo hapo mtaani anaanza kudaka, hana glovu. Si tumpe hizi?"

Mama akaniangalia. "Hizo zina mwenyewe, mwanangu. Ataziacha akizichoka yeye, sio akichokwa na watu."

Nikaaga, nikaondoka.

Haya wadau, uwanja wenu sasa. Kipa bora mfupi uliyewahi kumuona kwa macho yako, sio kwenye simu, ni nani na alikuwa anadaka wapi? Na wewe uliyekataliwa sababu ya mwili, shusha stori yako hapo chini. Tunasoma zote.